Ndege ya pangaboi inalalia kushoto: jostiki ni mbovu, au ndivyo ndege zilivyo?

Mwezi uliopita, katika kipindi chetu cha jioni, tulisoma ujumbe wa kijana mmoja wa Kiegei. Amemaliza kidato cha nne, na kwenye kompyuta ya kaka yake amepakia simuleta ya urubani, ile programu inayokuwezesha kurusha ndege ukiwa umekaa kwenye kiti nyumbani. Aliuliza hivi: “Kila nikiruka na Cessna, ndege inavuta kushoto na kulala. Nikiachia jostiki inazidi. Je, jostiki yangu imekufa?”

Tulimjibu hewani, na tulimjibu vibaya. Tulisema jostiki za bei nafuu huchakaa mapema, hivyo atafute nyingine. Kipindi hakijaisha, simu ikaita. Alikuwa mzee mmoja wa Nachingwea ambaye ujanani alifanya kazi ya ufundi wa ndege. Baada ya salamu akatuambia, “Wanangu, mnamtia kijana hasara. Hiyo jostiki ni nzima. Ndege yenye pangaboi ndivyo ilivyo. Mwambieni atumie mguu wa kulia, halafu ajifunze trimu.”

Kijana naye alituandikia tena usiku ule: alikuwa ameshatenga fedha za ufuta ili anunue jostiki mpya. Ndiyo maana tumeona redio peke yake haitoshi. Tumeyasoma haya mambo, tumeyajaribu wenyewe kwenye kompyuta ya fundi mitambo wetu, na leo tunayaandika ili kila mwenye swali kama hilo ayasome kwa nafasi.

Pangaboi si neno geni kwetu

Mwaka 2016, Air Tanzania ilipopokea ndege mbili za Bombardier Q400, vijiweni watu walibishana sana. Wapo waliozibeza kwamba ni “pangaboi tu”. Ukweli ni kwamba ndege za panga ndizo zinazofaa safari fupi na viwanja vya mikoani, na zinabeba abiria wengi wa ndani ya nchi yetu: Q400, ATR za Precision Air, na Cessna Caravan zinazokwenda visiwani na mbugani.

Sisi wa Nachingwea tunazijua zamani. Waingereza walipoleta mradi wa karanga kuanzia mwaka 1947, waliufyeka msitu, wakajenga reli kutoka Mtwara, na ndege nazo zikawa zinatua hapa. Mradi ulikufa mwaka 1951, lakini miaka ile ya 1950 ndege za East African Airways ziliendelea kuja, zikiwemo Dakota, zile zenye injini mbili na gurudumu dogo mkiani. Uwanja wetu hadi leo una jina lake katika orodha ya kimataifa, herufi nne: HTNA. Ukiziandika kwenye simuleta nyingi, utajikuta umesimama Nachingwea.

Kwa hiyo swali la kijana wa Kiegei halihusu mchezo wa watu wa mbali. Marubani wa Dakota walikutana na jambo hilohilo juu ya mikorosho yetu.

Kwa nini kushoto?

Tuanze na jambo moja la msingi. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani wa Cessna, panga lililo mbele yako linazunguka kwenda kulia, kama mishale ya saa. Sababu za ndege kuvuta kushoto zote zinaanzia hapo. Ziko kadhaa, lakini tatu ndizo utakazokutana nazo kila siku.

Ya kwanza ni injini kujibiwa na kazi yake. Aliyewahi kushika drili ya seremala anaifahamu hali hii: keekee ikikamata ubao, mpini unataka kukugeuza mkono upande wa pili. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton tuliyoisoma sekondari, kwamba kila msukumo una msukumo wa kinyume ulio sawa nao. Injini inalisukuma panga kwenda kulia, na panga linausukuma mwili wa ndege kwenda kushoto. Bawa la kushoto linataka kushuka.

Ya pili ni upepo wa panga. Hewa inayotupwa nyuma na panga haiendi moja kwa moja. Inauzunguka mwili wa ndege kama kamba iliyoviringishwa kwenye mti, hadi inafika mkiani. Pale inakigonga kile kipande cha mkia kilichosimama wima, na inakigonga ubavu wa kushoto. Mkia unasukumwa kulia, na pua inaelekea kushoto.

Ya tatu hutokea pua ikiwa imeinuliwa, kama wakati wa kupaa. Panga nalo linakuwa limelala kidogo kwa nyuma. Jani la panga linaloshuka, ambalo liko upande wa kulia, linakamata hewa nyingi kuliko lile linalopanda upande wa kushoto. Upande wa kulia unavuta kwa nguvu zaidi, na pua inageuzwa tena kushoto.

Ukizitazama vizuri, ni sababu ya kwanza tu inayoilaza ndege moja kwa moja. Nyingine mbili zinageuza pua. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, nasi tulikuwa miongoni mwao. Pua ikigeuka kushoto, bawa la kulia linakwenda mbio kuliko la kushoto, kama mtu wa nje katika mstari wa gwaride unaokata kona. Bawa linalokwenda mbio linabeba zaidi, kwa hiyo linapanda, na la kushoto linashuka. Ndege iliyoanza kwa kugeuza pua inaishia kulala.

Ndiyo maana mzee alisema mguu wa kulia. Kijana wetu alikuwa anapambana na kulala kwa mkono, akisukuma jostiki kulia muda wote, wakati chanzo kilikuwa pua. Pedali ya kulia inageuza usukani wa mkia, pua inarudi mahali pake, na sehemu kubwa ya kule kulala inakwisha yenyewe.

Nguvu ikiongezeka, mvuto unaongezeka

Mvuto huu haulingani muda wote. Ni mkubwa injini inapotumia nguvu nyingi na ndege ikiwa na mwendo mdogo, yaani wakati wa kuruka na kupaa. Ukishafika juu, ukapunguza nguvu na mwendo ukapanda, unapungua sana.

Injini nayo ina neno. Cessna 172 ya mafunzo ina injini ya nguvu za farasi 160 au 180, kutegemea toleo. Cessna Caravan kubwa, yenye injini moja puani, ina nguvu za farasi 675. Tulipoijaribu kwenye simuleta kwa mara ya kwanza, tukasukuma mkono wa nguvu hadi mwisho kwa pupa, ndege ikaacha lami na kuingia majanini kushoto kabla hatujaelewa kilichotokea. Kosa lilikuwa letu. Nguvu inaongezwa polepole, na mguu wa kulia unaongezwa pamoja nayo.

Watengenezaji wa ndege wanalijua hili, na tangu zamani wametafuta mbinu. Ndege ya kivita ya Italia, Macchi C.202, iliundwa bawa lake la kushoto likiwa refu kuliko la kulia kwa takriban sentimita 20, ili lipate kubeba zaidi. Spitfire za Uingereza za mwanzo zilikuwa na injini ya Merlin iliyozungusha panga kwenda kulia. Baadaye zilipowekwa injini ya Griffon inayozunguka kwenda kushoto, marubani waliokwisha kuzoea kukanyaga kulia ilibidi wajifunze upya, kwa sababu ndege sasa ilivuta kulia. Hiyo inathibitisha kwamba upande unaamuliwa na mzunguko wa panga. Ukiona kwenye simuleta ndege fulani inavuta kulia, usishangae, tazama kwanza panga lake linazunguka wapi.

Trimu ni nini hasa?

Mtu aliyewahi kuendesha baiskeli yenye mzigo uliokaa upande mmoja anajua taabu yake. Unafika, lakini mkono unauma kwa kushikilia usukani muda wote. Ungekuwa na kitu cha kukushikia usukani pale pale ulipo, ungepumzika. Katika ndege, kitu hicho ndicho trimu.

Mara nyingi ni kibao kidogo kilichofungwa ukingoni mwa kibao kikubwa cha mkia au cha bawa. Rubani anakirekebisha kwa gurudumu au kitufe, na hewa inakisukuma ili kibao kikubwa kibaki pale anapotaka. Cessna 172 ina gurudumu la trimu ya pua kupanda na kushuka. Kwa upande wa kushoto na kulia, ina kipande cha bati tu kwenye usukani wa mkia, ambacho fundi hukikunja ndege ikiwa chini. Kimepangwa kwa ajili ya mwendo wa kawaida wa safari, hivyo wakati wa kupaa mguu wako bado unahitajika. Caravan ina trimu zote tatu: ya pua juu na chini, ya usukani wa mkia, na ya mabawa.

Sheria yake ni moja, nayo ndiyo iliyotutoa jasho zaidi: mkono kwanza, trimu baadaye. Iweke ndege kwa mkono na mguu mahali unapotaka ikae. Ikishatulia, zungusha trimu kidogo kidogo mpaka uone huhitaji tena kushikilia. Ukiigeuza trimu ndiyo usukani, ndege itapanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, nawe utaifukuza safari nzima.

Hapa jostiki ya nyumbani ina upungufu wake. Katika ndege ya kweli, rubani anausikia uzito mkononi, na anazungusha trimu hadi uzito uishe. Jostiki ya kawaida ina springi tu, haikuambii kitu. Kwa hiyo tumia macho. Tazama pua ilivyo dhidi ya upeo wa mbingu, ongeza trimu kidogo, regeza mkono kidogo, tazama tena. Pua isiposogea ukiwa umeachia kabisa, umemaliza.

Pia ieleweke kwamba trimu ni ya mwendo mmoja na nguvu moja. Ukibadilisha nguvu ya injini, umeibadilisha hesabu yote, na utaanza upya.

Jinsi ya kujua kama jostiki ni mbovu kweli

Hatusemi jostiki haziharibiki. Zinaharibika. Lakini kabla ya kutoa fedha mfukoni, fanya haya kwa mpangilio.

Kwanza, fungua ukurasa wa simuleta unaoonyesha jinsi jostiki inavyosomwa. Iachie. Alama ikikaa katikati, ni nzima. Ikikaa pembeni au ikitetemeka, irekebishe kwanza humohumo kwenye programu.

Pili, angalia mafuta. Ndege nyingi ndogo zina tangi katika kila bawa. Kwenye Cessna 172 swichi ya mafuta ikiwa upande mmoja badala ya pande zote mbili, bawa moja litabaki zito. Tofauti ya lita 40 ni karibu kilo 29. Ni kama umeninginiza ndoo mbili kubwa kwenye bawa moja.

Tatu, angalia uzito wa watu. Rubani akiwa peke yake, amekaa kushoto. Naye anachangia.

Nne, na hili ndilo jaribio kubwa: panda hadi futi 5,000, tuliza ndege, kisha punguza nguvu ya injini hadi mwisho na uiache ishuke taratibu. Ule mvuto wa kushoto ukipungua, ukaisha, au hata ukageuka kulia kidogo, basi ulikuwa unatoka kwenye panga, na jostiki yako haina kosa. Ukibaki vilevile, tafuta kwenye mafuta, uzito au jostiki.

Kijana wetu wa Kiegei alilifanya jaribio la nne akatuletea jibu: ndege iligeukia kulia kidogo. Ile bati ya mkiani iliyopangwa kupingana na injini ilikuwa inafanya kazi yake wakati injini imelala. Jostiki ilikuwa nzima.

Jambo jingine ni chaguo la msaada. Simuleta nyingi huja na msaada wa kukanyaga pedali kwa niaba yako. Ukiwashwa, hutaona mvuto wowote. Kwa mtu anayetaka burudani, hakuna ubaya. Kwa anayetaka kujifunza, auzime. Asiye na pedali anaweza kutumia jostiki inayozungushwa mpini wake, au vitufe vya kibodi.

Safari ya mazoezi: Nachingwea hadi Mtwara

Tumeijaribu safari hii na tunaipendekeza. Anza HTNA, maliza HTMT, yaani Mtwara. Miji hii iko karibu mstari mmoja, hivyo unaelekea mashariki moja kwa moja, kilomita 150 hivi. Kwa Cessna 172 ni kama dakika 45.

Wakati wa kupaa, mguu wa kulia ukae kazini. Ukifika juu, punguza nguvu, subiri mwendo utulie, kisha weka trimu. Halafu achia jostiki na uhesabu hadi thelathini. Ukifika thelathini pua ikiwa palepale, umefaulu.

Ukiweka upepo wa kusi, utaona jambo litakalokudanganya. Kusi linatoka kusini na kusini mashariki, na wewe unakwenda mashariki, hivyo linakusukuma kushoto ya njia yako. Utadhani ni ule mvuto wa panga. Tazama mabawa. Yakiwa sawa na pua haigeuki, lakini ardhi inateleza chini yako kwa pembeni, huo ni upepo, na dawa yake ni kuelekeza pua kidogo kulia, kama mvuvi anavyoelekeza mtumbwi juu ya mkondo wa maji. Kuzungusha trimu hapo hakusaidii.

Kwa nini jambo hili si la kuchezea

Baadhi ya wazazi walituuliza kama kipindi kizima kuhusu mchezo wa kompyuta kina maana. Tunawajibu kwa mfano mmoja.

Rubani anakuja kutua. Amepunguza mwendo, na trimu ameizungusha pua ikae juu. Ghafla anaona ng'ombe kwenye njia ya kurukia. Anasukuma nguvu yote ili apande tena. Kwa sekunde moja mambo matatu yanakuja pamoja: pua inanyanyuka kwa sababu trimu iliwekwa kwa ajili ya nguvu ndogo, pua hiyohiyo inageuka kushoto, na mwendo bado ni mdogo. Akichelewa, bawa la kushoto linaweza kupoteza uwezo wa kubeba, na ndege ikapinduka kushoto ikiwa karibu na ardhi. Hapo hakuna nafasi ya kujirekebisha.

Dawa yake ni kwa mpangilio: mkono mbele kuishikilia pua, mguu wa kulia, kisha trimu. Mtu aliyejifunza kuruka na msaada umewashwa hana mguu huo. Hajui hata kwamba anauhitaji. Lakini aliyezoea kwenye simuleta kuusikiliza mvuto wa panga, mwili wake unajibu kabla hajafikiri.

Tusidanganyane hata hivyo. Saa unazoruka nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayotoa leseni za urubani nchini, na mafunzo hufanyika kwenye shule iliyoidhinishwa, ndani ya ndege ya kweli na mwalimu wa kweli pembeni. Kompyuta haiwezi kukupa leseni, wala haikufundishi kila kitu. Inaweza kukupa mazoea, na mazoea yana pande mbili: mazuri yanakutangulia darasani, na mabaya mwalimu anakuondolea kwa gharama ya saa za ndege unazozilipia.

Kijana wa Kiegei hakununua jostiki. Fedha za ufuta bado anazo, na sasa anatafuta pedali, hata za mtumba. Kwa mzee aliyetupigia simu, tunasema shikamoo, na ahsante kwa kutusahihisha mbele ya wasikilizaji. Nawe msomaji, ukisikia tumeteleza hewani, usinyamaze. Simu ya studio iko wazi, kama alivyoikuta mzee.